Laptop Yangu Ndani ya Friza ya Wakwe

Nilikuwa nimeapa kwamba habari hii nitazikwa nayo, lakini wale wazee wawili niliokwenda nao Columbus kuposa wameshaisimulia kwenye kila ubatizo na kila nyama choma hapa Louisville, Kentucky, tena kwa chumvi nyingi, kwa hiyo heri niisimulie mwenyewe. Aibu ni yangu, na chumvi nipime mimi.

Mnajua kazi yangu. Nakaa Jeffersontown mchana kutwa na vidude masikioni, napokea simu za watu ambao kompyuta zao zimegoma. Kila kiangazi simu ni zile zile: laptop inachemka, feni inalia, mashine inatambaa. Na jibu langu ni lile lile, nalitoa kwa sauti ya daktari bingwa: usiiweke kitandani, usiiweke juu ya nguo, inapumulia tumboni, isafishe vumbi. Yangu mwenyewe sikuwahi kuisafisha hata siku moja. (Mganga hajigangi, na mimi nilikuwa na uvivu wa waganga kumi.)

Sasa Furaha, mchumba wangu, ni Mkongomani wa kule Kivu, na wazazi wake wanakaa Whitehall, pale Columbus. Baba yake nilikuwa nimeshamlainisha. Mama yake alikuwa ameniitikia salamu mara mbili, jambo ambalo Furaha alisema ni dalili njema. Kikwazo kilikuwa bibi yake, Koko, mama mzazi wa baba, anayekaa Buffalo kwa mtoto wake mwingine na miguu haimruhusu safari ndefu. Neno la Koko ndilo la mwisho. Akikubali, tunaoana. Akikataa, ukoo mzima unakunja mkeka na mimi narudi Kentucky na wazee wangu kama tulivyokuja. Na Koko alikuwa na wasiwasi mmoja tu, ambao alikuwa ameutangaza hadharani: kwamba hawa vijana wa Kenya waliokuja kusoma, nami nikiwa mmoja wao, kila mmoja ameacha mke na watoto nyumbani.

Basi ikapangwa Jumamosi ya Julai, saa nane mchana, Koko anione kwa video. Tukafika Whitehall jua linachoma hata kivuli, kiyoyozi cha ile nyumba kimekufa tangu Alhamisi, watu kama thelathini sebuleni, mimi nimevaa suti. Papa Furaha akatoa simu yake, akasema, "Bon, tutumie hii telefone, iko nafanya muzuri."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema "sawa, Papa" leo msingekuwa na la kucheka. Lakini niliwaona wale mashemeji wamenikodolea macho, nikajibu, "Papa, mimi ndiyo kazi yangu hii. Tutumie laptop yangu, Koko atuone wote vizuri."

"Aah! Ingénieur!" akasema Papa, na sebule nzima ikaitikia, na mimi badala ya kusahihisha kwamba si injinia nikainamisha kichwa kama mtu anayeogopa kusifiwa.

Nikaitoa laptop. Mama Furaha, ambaye hakuwa amenitazama usoni tangu niingie (na mimi vilevile sikuthubutu, kwao mkwe na mama mkwe hupishana kama magari), akanyanyuka, akaleta mto mkubwa wa kochi, akauweka mezani, akatandika juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha heshima. Kisha akapokea laptop yangu kwa mikono miwili, akailaza juu ya mto kama mtoto mchanga, na kitambaa kilichobaki akakikunja vizuri pembeni kote, kikaziba kila tundu.

Nikaona. Naapa niliona. Ni kosa ambalo nalisema mara ishirini kwa siku kwa watu nisiowajua. Lakini niambieni nyinyi: mkwe mtarajiwa, siku ya kwanza, anyanyuke mbele ya ukoo atoe kitambaa cha mama mkwe mezani? Nikajiambia, mazungumzo ni dakika kumi tu, itastahimili.

Koko akatokea kwenye kioo, amevaa kitenge cha njano, na nyumba ikapiga vigelegele. Dakika tatu zilikuwa za asali. Ya nne feni ikaanza kuguna. Ya tano ikawa inalia kama mashine ya kusaga, na uso wa Koko ukakatika vipande. "Ni kawaida," nikasema huku najifuta jasho, "inajipanga." Nikafunga programu hii, nikafunga ile, wapi. Nikawaza nipate kitu cha kuinyanyua angalau ipate hewa bila kugusa kitambaa, mkono ukapapasa kwenye rafu nyuma yangu, nikakamata vitabu viwili vinene, nikavisukuma chini ya laptop, kimoja kulia, kimoja kushoto.

Kisha Papa akauliza taratibu, "Mukwe, Neno ya Mungu njo imekuwa meza?"

Kimoja kilikuwa Biblia ya familia. Cha pili kilikuwa kitabu cha nyimbo. Nikavitoa, nikavifuta kwa tai yangu, nikaomba radhi kwa Papa, kwa Mungu, na kwa mzee mmoja aliyekuwa karibu tu.

Wakati huo sauti ya Koko ikapenya: "Wewe kijana, utamupenda mutoto yetu mupaka kufa?"

Nikasimama. Nikapaza sauti ili hata mashine ichoke vipi, imfikie. "Ndiyo, Koko! Kwa moyo wangu wote, na Mungu ni shahidi!"

Vigelegele tena. Lakini laptop ilikuwa imeshaelemewa, ikalikalia lile jibu langu. Kule Buffalo Koko akasubiri, akaona nimenyamaza, akaamua kuendelea na swali la pili, na lilipomtoka mdomoni tu ndipo jibu langu la kwanza likamfikia. Sisi tukaja kulisikia swali lake limechelewa vilevile: "Na kule Kenya, uko na bibi na batoto?"

Kwa hiyo Koko alichosikia ni kwamba nina mke na watoto Kenya, kwa moyo wangu wote, na Mungu ni shahidi.

Tukamwona anashika kichwa. Tukamsikia, "Yooo! Eko nakubali bila haya!" Kisha kioo kikaganda, mdomo wa Koko wazi, mikono juu, na laptop ikazimika.

Furaha alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sitayasahau. Nikanyakua laptop (iliniunguza, lakini ningefanya nini), nikapiga kelele "dakika tano!" nikakimbilia jikoni, maana akilini nilikuwa na neno moja tu, baridi.

Jamani, jikoni kwa mama mkwe hakuingiwi. Na Mama Furaha, ambaye alikuwa ameponyoka kwenda kupumzika wakati sisi tunapambana, alikuwa amekaa kwenye kigoda, kilemba amekivua kwa joto, miguu ameinyoosha, tonge la bugali liko njiani. Kwao, mkwe hamwoni mama mkwe akila, ni mwiko. Tukatazamana kwa mara ya kwanza. Yeye akachukua mfuniko wa sufuria akajifunika uso. Na mimi, kwa akili niliyokuwa nayo siku hiyo, nikamwambia, "Endelea tu, Mama."

Kisha nikafungua friza, nikasukuma laptop katikati ya samaki na mfuko wa sombe, kile kisamvu chao, nikaegemea mlango. (Mteja akiniambia ameiweka laptop kwenye friza, huwa nazima kipaza sauti kwanza nicheke.) Nilipoitoa ilikuwa inatokwa jasho kuliko mimi. Maji yanachuruzika kwenye herufi. Nikabonyeza, haikuitikia, na mpaka leo haijaitikia.

Mama akasema kutoka nyuma ya mfuniko, "Hii machine ilikuwa na nini?"

Sikuwa na heshima yoyote iliyobaki ya kulinda, nikamwambia ukweli: inapumulia tumboni, na kile kitambaa kiliiziba pua.

Mfuniko ukashuka kidogo. "Na ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Juu ya nini haukusema? Kitambaa ni kitu ya kutoa tu."

Papa akampigia Koko kwa ile simu yake, ambayo ilifanya kazi vizuri sana, asante. Alieleza nusu saa. Koko hakutaka kueleweshwa na mtu. "Mumulete hapa," alisema, "nimuulize na mudomo yangu." Tulipovuka mto tukirudi Louisville, mmoja wa wazee wangu akaniambia: "Kesho kanisani, Kyalo, kaa ule upande mwingine."

Jumamosi iliyofuata niliendesha mpaka Buffalo. Koko alinishika mkono, akauliza lile swali la pili. Nikasema hapana. Akacheka mpaka akakohoa. "Leo jibu imefika haraka," akasema.

Tulioana Novemba. Mama mkwe alinipa zawadi yangu peke yangu, imefungwa kwenye kitenge, bila kunitazama. Kilikuwa kitambaa cheupe cha kufuma cha kulalia laptop mpya, na katikati ameacha tundu kubwa la mviringo, limepambwa ukingoni kwa uzi wa buluu.

"Nimeiachia pua," akasema.

Nikalia mbele ya wageni, sifichi. Na sasa kazini, mtu akinipigia kwamba laptop inachemka, simhubirii tena. Namuuliza imewekwa juu ya nini, na akisita kujibu, namuuliza kwa upole: ni kitambaa cha nani?