Kivuli Chini ya Maji ya Karavia

Bwana yangu alikuwa sentineli wa mashua kwenye ziwa la Karavia, kule ambako wakubwa wa migodi walikuja Jumapili kujipumzisha na bibi zao. Kazi yake ilikuwa kuzilinda mashua hizo usiku na kuzifunga kwa minyororo kwenye gati ya mbao. Asubuhi moja ya miezi ya baridi zamu yake iliisha, hakurudi nyumbani. Kwenye gati walikuta viatu vyake na koti. Vijana wakazamia katikati ya ziwa, wakidhani maji yamemvuta huko, mpaka midomo ikabadilika rangi, wakashika matope na majani tu. Maji yale ni meusi, na baridi humkalisha maiti chini, haelei upesi.

Sasa sikilizeni shida yangu. Kwetu bila maiti hakuna kilio. Huwezi kutandika mkeka chini, watu hawaji kulala uani kwako, hakuna wa kukunyoa nywele. Mjane si mjane, mke si mke. Nilikuwa kitu gani basi? Niliamka, nikasonga bukari, nikaenda sokoni, na wanawake wakageukia vikapu vyao nilipopita. Nilitamani kulia mpaka taya ziliniuma. Lakini kumlilia mtu ambaye mama yake anasema yuko hai ni sawa na kumloga.

Na mama yake ndivyo alivyosema. Mama-mukwe wangu aliishi nasi tangu alipofiwa na mumewe, na hakuwa na mtoto mwingine. "Mwana yangu iko Zambia," aliwaambia majirani. "Alivukia kule Kasenga. Atarudia tu." Bila viatu, mama? Bila koti, na baridi hii? Hasira nikaimalizia kwenye mwiko, maana mkwe hajibiwi.

Ndipo ikaja ile mashini. Haikuja kwa ajili yetu, msidanganyike. Mkubwa mmoja wa Chama alikuwa anakuja kutoka Kinshasa, angetembezwa ziwani kwa mashua, na watu wa usalama walitaka kujua kama chini ya gati kumefichwa kitu. Mashini yenyewe ilikuwa njiani kwenda Kasenga kutafuta boti zilizozama bandarini, wakaisimamisha kwanza hapa kwetu Lubumbashi. Waliiita sonari. Ilikuwa chuma kirefu kama mchi, kinavutwa majini kwa kamba nyuma ya mashua. Kinapiga sauti ambayo sikio halisikii, sauti inagonga vilivyo chini na kurudi, na kwenye sanduku inatoka karatasi iliyochorwa sakafu nzima ya ziwa.

Nilikwenda nikakaa njiani mbele ya gari lao.

"Sitwayeni, toka," alisema mtu wa usalama, akiniita raia kwa Kifaransa cha Chama, suti yake ya abakosti imepigwa pasi vizuri.

"Sitoki. Pitisheni gari juu yangu. Ndipo mutanitafuta na mashini yenu."

Fundi wa sonari akashuka, mtu mzima wa Kinshasa, Kiswahili chake cha kuungaunga. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama," akasema, "pale kwa gati tutapita tu. Kama iko, tutamuona." Mwenye abakosti akaguna lakini hakukataza. Mama-mukwe alikuwa amenifuata kutoka nyumbani, nadhani ili aone nikiaibika.

Mashua ikaenda, ikarudi, ikaenda tena. Kisha fundi akaja ufukoni, akatandaza karatasi juu ya boneti ya gari. Mimi niliona michoro kama moshi tu.

"Muntu mwenyewe haonekane sana," alisema. "Sisi tunaangalia kivuli yake. Sauti ikigonga kitu, kule nyuma kunabakia kivuli. Hii ni ya muntu. Ona kichwa, ona miguu."

Mama-mukwe akauliza polepole, "Iko na kivuli?"

"Ndiyo, mama. Muzuri kabisa."

Masikini, alijibu kwa wema. Angejuaje? Kwa watu wetu wa kaskazini mufu hana kivuli. Kivuli ndicho kinachotangulia kumtoka. Fundi alikuwa amemwambia mama kwamba mwanawe ni mzima, tena akamwonyesha kwenye karatasi. Mama-mukwe akakunja magoti kidogo, akampigia makofi ya shukrani. "Muambie bale bantu basimuvute na ndoano," akaniagiza. "Batamuumiza." Kisha akakaza kitenge chake na kuondoka karibu mbio. Alikwenda kumpashia mwanawe maji ya kuoga, maana angetoka na baridi.

"Mama anaenda wapi?" fundi akaniuliza.

"Kupasha maji," nikasema. Na sikatai, kwa kitambo kile mimi nami nilimwamini mama. Nilikodolea macho ile karatasi nikimwomba Mungu mama-mukwe awe amesema kweli. Wanasema mfa maji haachi kutapatapa. Mimi nilitapatapa nchi kavu.

Wazamiaji waliokuja na gari lile walishuka pembeni mwa gati. Walimtoa kwenye nguzo za nje za gati, mguu umekamatwa na mnyororo wa mashua. Muda wote ule alikuwa pale, hatua chache kutoka alikoacha viatu. Mtu wa usalama akamtazama, akasema ni vizuri, sasa gati iko safi. Nikatema mate mbele ya kiatu chake. Hakuna aliyenigusa.

Wanaume wanne wakamlaza juu ya mlango wa ghala, wakamfunika turubai, tukaenda nyumbani kwa miguu, mimi mbele. Kutoka mbali niliona moshi wa uani kwetu. Mama-mukwe alikuwa amefagia, amepanga sabuni na shati safi juu ya kiti, na beseni kando yake. Wakamshusha. Akafunua turubai upande wa kichwa, akamfuta matope usoni kwa kitenge, akaliacha wazi. Mimi nikafungua mdomo, kilio nilichokizuia siku zote zile kimefika kwenye meno.

"Usilie kwanza," akaniambia, akichovya kiwiko ndani ya beseni. "Maji itapoa."