Mstari Mweupe Mbele ya Uti wa Mgongo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika miaka ya tisini, nilipokuwa nimerudi Kakamega kutoka India na diploma ya eksirei. Diploma hiyo sikutafutiwa na mjomba. Nauli niliipata kwa kuuza kuku sokoni Khayega, na hospitalini kwetu hakuna aliyepiga picha safi kama mimi. Waliokuwapo watakwambia.

Asubuhi hiyo aliyeingia alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa ameinua mtungi wa maji akasikia mgongo unalia ka! kama kijiti kikivunjika. Nawe unajua kwetu mtu hamshiki mama mkwe mkono, wala hamsogelei. Basi nilijibanza nyuma ya pazia nikamwachia nesi amlaze ubavu.

Picha ilipokauka niliiweka kwenye taa. Pingili moja ya mgongo ilikuwa imebonyea, na mifupa yote imefifia kama kitambaa kilichofuliwa mno. Mbele ya uti wa mgongo palipita mstari mweupe. Nilijua ni chokaa, madini yale yale yanayokaza mifupa, imeganda kwenye ukuta wa mshipa mkubwa wa damu, dalili kwamba moyo nao ulifaa kupimwa. Lakini alikuja kwa ajili ya mgongo, na aibu ilinifanya nitake aondoke upesi.

"Mwambie mama ni mifupa tu," nilimwambia nesi. "Apewe dawa ya maumivu, aende nyumbani."

Mama akajibu uso ameugeuzia ukutani. "Mwambie mkwe wangu mimi napumzikanga mara tatu nikitoka mtoni. Kifua kinabana. Hiyo pia ni mifupa?"

"Mkwe, umeulizwa," nesi akasema, akizuia kicheko.

Nilijifanya naikagua picha tena.

"Amevuka bahari kusoma," mama akaendelea, "na kuniuliza napumua aje kumemshinda. Hiyo heshima ataniletea kwa mazishi?"

Nilichukua picha nikaenda nayo mbio kwa daktari wetu mzee. Aliitazama kwa muda.

"Mara nyingi navikuta pamoja," alisema, "mfupa uliopungukiwa chokaa na mshipa ulioshika chokaa. Kwa nini, hata mimi bado najiuliza."

Alimpima mama. Presha ilikuwa juu sana na moyo umechoka. Alilazwa siku hiyo hiyo, akatibiwa, akaishi miaka mingi baadaye.

Mimi swali lile halijaniacha. Chokaa inapungua inapotakiwa, inaonekana isipotakiwa. Ni nini kinachoipoteza njia? Nimesoma vitabu vingi kuliko wenzangu wote, na bado nasoma.

Kwa hiyo, mwanangu, mzee wako akivunjika mfupa kwa jambo dogo, usiridhike na dawa ya maumivu. Omba apimwe presha na moyo pia. Ale omena, wale dagaa wa ziwani wenye chokaa ya mifupa, na mboga, apunguze chumvi, atembee. Na akiwa mkweo, kaa mbali kama desturi inavyotaka, lakini muulize anavyojisikia, na umsikilize hadi amalize.

Mungu akupe miaka mingi, na moyo na mifupa ya kuibeba.