Siku Niliyomulilia Mutoto Muzima

Sisi wamama wazee wa kanisa hapa Nchelenge tunasaidia kwenye kila kilio. Tunateka maji, tunapika bukari, ule ugali wetu, tunakaa na mufiwa, na hakuna anayetulipa. Mimi, mama Chola, ndiye niliyefundisha wenzangu kukaza moyo. "Ukilia wewe," nilikuwa nawaambia, "nani atamupangusa mufiwa machozi?"

Najisifu, ndiyo. Ngojeni.

Juzi muvuvi wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa letu, alikufa. Tukavuka kwa mutumbwi kwenda kumuliwaza mama yake, muzee kama mimi. Tulimukuta ameshika shati ya mutoto wake, anainusa. Basi nikakumbuka shati ya mutoto wangu Chola, ile ninayolalia tangu aende kuchimba shaba Katanga kwa Wabelgiji. Hajarudi hata kusalimia. Nikafungua kinywa nimuambie mufiwa pole, kumbe ikatoka kilio ya huku kwetu, ile ya kuita jina ya marehemu kwa sauti yote:

"Mayo, mama wee, Chola! Chola mutoto wangu, umeniachia nani?"

Kwetu hatulilii hivyo jina ya mutu aliye hai. Wenzangu, wale niliowafundisha kukaza moyo, wakaniangukia shingoni wakilia. Mufiwa mwenyewe akaweka shati chini, akaja kunipangusa machozi kwa kitambaa chake.

"Pole, mama Chola. Amekufa lini?"

Nikamushika mukono.

"Hajakufa, dada," nikasema. "Namukumbuka tu."