Siku Niliyoandika Majina Mlangoni mwa Jirani

Shule ya jioni ilinipa diploma moja ya sheria na sauti ya kuwatosha mawakili kumi. Wakati huo kampuni ya migodi ilikuwa imeanguka, na watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wakifukuzwa Kolwezi, hata wale waliozaliwa hapa. Familia zililala nje kwenye kituo cha treni zikingoja mabehewa.

Jirani yangu mtaani Dilala, fundi wa umeme, alikuwa wa asili hiyo, na mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi moja vijana elfu moja, basi tuseme kumi na wawili, walisimama mlangoni pake wakamwambia ahame kabla ya saa sita.

Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba mtu hatolewi nyumbani bila karatasi ya juji, yaani hakimu. Nikavaa koti la siku ya diploma, nikachukua daftari na kiti, nikaketi mbele ya mlango ule.

Nikawaomba karatasi. Wakacheka. Mmoja akaniuliza kama na mimi ninatamani kupanda treni. Nikamwelekezea kalamu mkubwa wao, kwa sauti ya karani:

"Jina? Tata yako? Mugini?"

Kwetu hakuna ofisi isiyouliza hivyo, na kinywa hujibu kabla ya kichwa. Akataja jina lake, la baba yake, akasema kijiji chake ni Musumba, akaongeza na la chifu wake. Nikaandika polepole, kwa herufi kubwa kama za bango la kanisa. Kisha nikamgeukia wa pili.

"Unaandika nini, tata?" akauliza huyo wa pili.

"Ripoti ya tribinali. Mulikuya kufukuza mutu bila karatasi ya juji. Tribinali ikifunguliwa, njo mutaitwa."

Tribinali, mahakama yetu, ilikuwa imefungwa miezi mingi. Hata hivyo ilitisha kuliko mimi. Wa pili akakumbuka ana shughuli sokoni, wengine wakamfuata. Mkubwa wao akabaki peke yake, akinibembeleza nifute jina lake.

"Mi siwezi kufuta," nikamwambia. "Sheria njo inakataza."

Wiki hiyo nyumba tatu za barabara yetu zilichukuliwa, na sikuweza kuwa katika milango yote. Ile ya fundi haikuguswa. Mwezi uliofuata mama yule akajifungua mtoto wa kike kitandani mwake, si kwenye saruji ya kituo. Nilijivuna kana kwamba nimezaa mimi.