Kasha la Kiberiti Chini ya Shingo ya Besi

Nikiwasha kiberiti, ile harufu hunirudisha uani kwetu Iyunga, baridi imetuuma, mjomba kalaza gitaa la besi juu ya gunia la viazi. Jioni alikuwa na harusi ya kupigia, na nyuzi zilikaa juu mno hadi vidole vimemvimba.

"Mama, nipe kasha lako la kiberiti," akaniambia mimi, mpwa wake mdogo. "Nikikata kipande nikakiweka chini ya shingo, nyuzi zinashuka."

"Hili ndilo gari langu la kuchezea, mjomba. Utanipa nini?"

"Pipi."

"Pipi inaisha. Nataka nianze mimi kulipiga hilo gitaa."

Bibi akacheka jikoni. "Leo umepatikana!"

Mjomba akakata kipande cha kasha, akafungua skrubu za shingo, akakichomeka, akakaza. Nyuzi zikashuka mno, zikakwaruza. Akafungua tena, akakibandua kikawa chembamba, akakaza. Safari hii zikatulia.

Akaniegemezea besi. Nikavuta uzi mnene. Sauti ikanitetemesha tumbo kabla ya kufika masikioni.

"Haya, lete."

"Tulipatana nianze, mjomba. Hatukupatana nimalize saa ngapi."

Wenzake wa bendi walipokuja kumchukua, walimkuta anacheza na bibi. Mpigaji nilikuwa mimi.