Nafasi ya Jina Moja

Juzi, nikiwa kwenye foleni ya kaunta ya ofisi ya mifugo huku Ilemela, mzee mmoja mbele yangu alisema ndama wake wa tatu naye kazaliwa kipofu. Bwana mifugo, kijana, akauliza dume lilitoka wapi.

"Limezaliwa zizini humo humo. Linapanda mama yake na dada zake."

Kijana akaandika kwenye fomu: uzazi wa ndugu kwa ndugu. Mzee akayafunika maneno kwa kiganja.

"Mwanangu, futa. Kwetu mtu akitajwa hivyo, anahama kijiji."

"Mzee wangu, hawa ni ng'ombe tu."

"Tulikuwa tunaazima dume la serikali. Mmeliuza. Ningeazima wapi?"

Kijana akakisogeza kile kiganja taratibu, akagonga muhuri. Nilichungulia: chini ya maneno yale palikuwa na nafasi ya jina moja tu, la mfugaji, si la aliyeuza dume.