Makopo Mawili Kwenye Foleni

Juzi nilikwenda Kariakoo kununua sufuria, nikarudi mikono mitupu na kuketi kitandani bila hata kuvua viatu. Ngoja nikueleze kilichonipata, maana mpaka sasa mwili haujatulia.

Nilikuwa nakatiza Mtaa wa Sikukuu, pale ilipokuwa nyumba tuliyokulia. Siku hizi ni ghorofa, na chini wanauza mabegi na vyombo. Mlangoni mwa duka moja alikaa bibi kizee kwenye kiti cha plastiki, duka la mjukuu wake. Nikamwamkia kama unavyomwamkia mtu mzima yeyote. Akaitikia marahaba, akanikazia macho weee, kisha akasema, "Wewe si yule mtoto wa makopo mawili?"

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo maishani. Lakini nilijua ni mimi.

Inabidi nikurudishe nyuma kidogo. Miaka ile ya Ujamaa, vitu vilipoadimika, sukari ilifika duka la ushirika leo, kesho hakuna. Foleni ilianza alfajiri. Kwa kuwa hakuna mama wa kusimama pale mpaka jua kali huku ana moto wa kuwasha na watoto wa kuogesha, kila mtu aliacha kitu chake kimshikie nafasi: jiwe, tofali, ndala moja, kopo. Na ugomvi wa pale usiombe uuone. Nimeshuhudia kina mama wakichaniana khanga kwa sababu ya tofali lililosogezwa kidogo tu.

Tuliishi watatu kwenye chumba kimoja, bibi, mama na mimi. Mama akiweka kopo lake, mimi naweka la bibi nyuma yake. Yalikuwa makopo matupu ya maziwa ya unga, na la mama lilifungwa uzi mwekundu wa kushikia. Kisha tunarudi nyumbani, mimi nafagia ua, yeye anakoleza mkaa kwa ajili ya chai, redio ya jirani inaunguruma ukumbini. Mama alipenda kuimba akiwa jikoni, na sauti yake, Mungu anisamehe, ilikuwa mbaya kweli. Ili niisikie tena leo ningetoa kila nilicho nacho.

Mama alikuwa mjamzito. Asubuhi moja akachukua kapu lake akaenda hospitali, nami nikapelekwa nyumba ya jirani, nikakaa huko siku kadhaa. Nilisikia watu wakisoma upande wa kwetu, nikaambiwa ni maulidi. Nikapewa chai tamu mpaka inanata mdomoni. Hebu fikiria, sukari ya miaka ile, na kila mama anayepita ananiongezea kijiko. Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi.

Niliporudi nyumbani bibi alisema mama amekwenda Tanga kupumzika na mtoto mchanga. Basi, yakaishia hapo. Enzi zile mtoto hakuambiwa habari za kifo, na akiuliza sana alitumwa dukani. Kwa hiyo nikabeba makopo yote mawili. Niliogopa mama akirudi atakuta nafasi yake imechukuliwa. Kila foleni niliyasogeza, la mama mbele, la bibi nyuma. La mama likifika dirishani, muuzaji anauliza, "Mwenye kopo hili?" Nami najibu, "Kasafiri." Naliokota, napokea kipimo cha bibi, narudi zangu nyumbani.

Mwaka ukaelekea kwisha. Siku moja mwalimu akatuambia darasani kwamba waliofiwa na wazazi wanyooshe mikono, kuna madaftari ya bure. Nikatulia kwenye dawati langu. Mwalimu akaniangalia, akasema bila ubaya wowote, "Na wewe je? Si ulifiwa na mama?"

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Nikanyoosha mkono, nikapewa madaftari. Bibi sikumuuliza, naye hakusema, mpaka akaingia kaburini na kimya chake. Foleni iliyofuata nilikwenda na kopo moja.

Kwa miaka yote hii niliamini hakuna aliyeona nikisogeza kopo la mama. Hasira ya kufichwa nimekula nayo na kulala nayo, mpaka usingizi wenyewe ukanikimbia na presha ikapanda. Kliniki kuna mshauri, binti mdogo tu, aliniambia, "Mama, mwandikie yule mtoto uliyekuwa, utapona." Nilimwona ana mchezo. Hata hivyo nilijaribu, nikaandika "Hujambo", nikakwama hapo wiki nzima. Ningemwambia nini mtoto wa watu?

Sasa juzi, pale mlangoni mwa duka, yule bibi kizee akanivuta mkono. "Tuliambizana pale foleni, asiliguse mtu kopo la marehemu," akasema. "Hata wale wakorofi hawakuthubutu. Siku uliyokuja na moja, tukajua umeshaambiwa. Tukageukia ukutani, mwanangu, usituone tunavyolia."

Foleni nzima ilijua! Walewale wa kuchaniana khanga walikuwa wakinitazama kila mara nikisogeza kopo la mtu aliyekufa, wakanipisha. Mpaka sasa sijui nishukuru au nikasirike, na wallahi nafanya vyote viwili. Kati ya watu wote wale hakupatikana hata mmoja wa kuinama akaniambia?

Nilipotulia nikachukua kalamu. Duka lile limekwenda, nyumba imekwenda, wale kina mama wengi wao wametangulia, na foleni za mawe na ndala ukiwasimulia vijana wa leo wanadhani unatunga. Aliyebaki ni yule mtoto peke yake, bado yuko pale anasogeza makopo. Safari hii sikukwama.

"Hujambo, mwanangu. Mama hakwenda Tanga. Mama alikufa hospitali, yeye na mtoto, na ni mimi nakuambia kwa sababu wakubwa walishindwa. Chai ile ilikuwa ya msiba, lakini sukari walikuwekea kwa kukupenda, kwa hiyo usijilaumu kwa kuifurahia. Sasa nipe hayo makopo. Nitasimama hapa mimi. Wewe nenda nyumbani ukalie."